Uso wa Octave Lambrechts

Picha ilikuwa imepotea, na msichana aliyeshukiwa kuiiba alikuwa amepewa hadi Ijumaa saa sita mchana airudishe, la sivyo polisi wangeitwa.

Anaclet Mugaruka aliyasikia hayo kwa simu Jumatano asubuhi, kabla hajamaliza kahawa yake. Aliyempigia alikuwa bibi kizee wa Kibelgiji, na Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu hasa, kama cha wauza samaki wa Kadutu.

"Weye njo mupelelezi?"

"Njo mimi, maman."

"Alors, kuya leo. Si kesho. Niko na myaka nonante-quatre, tisini na ine, sina wakati ya kungojea wanaume."

Anaclet alikuwa amefanya upelelezi wa polisi Bukavu miaka mingi kabla ya vita kumtoa huko. Sasa alikuwa na kibali cha mpelelezi binafsi na ofisi ya chumba kimoja Ixelles, Ubelgiji, juu ya saluni ya kusuka nywele. Kazi zake nyingi zilikuwa za waume wasiolala nyumbani. Picha ya marehemu hakuwahi kutumwa kuitafuta. Alichukua koti akaondoka.

Nyumba ya wazee ilikuwa Laeken, ghorofa nne za matofali mekundu na lifti iliyonuka supu. Lucienne Lambrechts alikuwa amekaa karibu na dirisha, blanketi magotini, mwembamba kama mpini wa mwavuli. Alimtazama Anaclet kuanzia viatu kupanda juu.

"Kaa. Kwenu ni wapi?"

"Bukavu, maman. Nguba."

"Mi nilizaliwa Nguba, kule chini karibu na ziwa. Donc tuko bandugu. Sikiliza sasa."

Alieleza bila kupoteza neno. Kaka yake Octave alimzidi miaka kumi. Mwaka 1941 aliondoka Bukavu kwa lori, akaenda Afrika Kusini kufundishwa, kisha Uingereza, akawa mwongoza njia kwenye ndege ya mabomu: yule anayekaa nyuma ya rubani na ramani, rula na penseli, akimwambia gizani pa kugeukia. Usiku mmoja wa mwaka 1944 ndege yao haikurudi. Ilidhaniwa kwamba bahari iliimeza. Hakukuonekana mwili, wala hakukuchimbwa kaburi, na Lucienne, akiulizwa, alizoea kusema tu kwamba Octave hajarudi. Baadaye nyumba ya Nguba iliporwa na kila kitu kikaenda, isipokuwa picha moja ya Octave akiwa na sare, ambayo mama yao aliishonea ndani ya pindo la sketi. Jumamosi hii, commune, yaani manispaa, ya Ganshoren, alikoishi Lucienne hadi miguu ilipomshinda, ingezindua jiwe lenye jina la Octave katika bustani ndogo. Picha ingewekwa mbele ya jiwe hilo.

"Mi peke njo ninamujua," alisema. "Nafunga macho naona koti yake, naona viatu. Sura imeanza kutoroka. Ile picha njo sura yake. Nikikufa bila ile picha, jiwe itakuwa ya nani?"

"Na Jémima, huyu banayemusingizia?"

"Hakuiba. Ananiogesha tangu myaka tatu. Muntu anakuogesha, unamujua."

Fremu ilikuwa bado juu ya kabati. Anaclet aliichukua kwa leso. Ilikuwa ya fedha, nzito, na pembeni yake, ndani ya kisahani, pete ya dhahabu ilikuwa imelala wazi kwa yeyote aliyeitaka. Mwizi aliacha fedha, akaacha dhahabu, akachukua karatasi. Vibanio vya nyuma vilikuwa vimefunguliwa na kurudishwa vizuri. Anaclet akainua kioo kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa ndani, chini kushoto, kulikuwa na kipande cha kijivu cha ukubwa wa tende, kimegandamana na kioo. Alikikwaruza kwa ukucha kidogo tu. Hakikutoka.

Akapiga picha ya kioo kile kwa simu yake.

"Mara ya mwisho ulimuona lini, maman?"

"Jana. Nilikula ya midi, Octave iko. Nilikula ya magaribi, cadre iko, Octave haiko."

"Katikati, nani aliingia?"

"Kwaya ya bamaman. Bataimba Jumamosi, kwa Kiswahili, mimi njo niliomba. Thérèse, maman mukubwa wa Jémima, njo présidente yabo. Balikuwa sita, kelele mpaka kwa lifti, vraiment furaha. Maman moya alinipima mabega na mètre. Nikamwambia: polepole, maman, jeneza yangu ingojee kidogo!"

Lucienne alicheka hadi akakohoa. Anaclet naye akacheka, akampa maji.

Ofisi ya mkurugenzi ilikuwa chini. Aliitwa Élodie Claes, mwanamke wa miaka arobaini hivi, na mbele yake palikuwa na boksi bapa la chokoleti lililobaki nusu. Alimkaribisha Anaclet moja. Walizungumza Kifaransa.

"Sina chuki na Jémima," alisema. "Lakini yeye ndiye aliyekuwa zamu ghorofa ile, na hataki kusema. Nimwulize nini tena? Familia za wazee wengine zimeshasikia."

"Ukiita polisi, unajua itakuwaje? Amepeleka faili lake la kuomba uraia."

"Najua. Ndiyo maana nimempa hadi Ijumaa."

"Mtu gani mwingine alikuwa juu jana?"

Mkurugenzi alifikiri. "Wauters. Muuza vitu vya vita, ana duka Marolles. Wiki iliyopita alitaka kuinunua ile picha, Madame Lambrechts akamtukana. Jana alasiri nilimwona tena kwenye korido. Alikuwa na kitu bapa chini ya koti."

Anaclet alimeza chokoleti. Hicho kilikuwa kitu cha kushika.

Kabla ya kutoka alimtafuta Jémima Nabintu. Alimkuta kwenye chumba cha kufulia, anakunja taulo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na macho ya mtu ambaye hajalala.

"Jambo, tonton."

"Jambo, mutoto. Maman Lucienne amenituma. Anasema haukuiba."

"Sikuiba."

"Basi nani?"

Jémima alikunja taulo moja, la pili, la tatu.

"Jémima, kwaya ilipotoka, nani alibakia ndani ya chambre?"

"Mi nilimupeleka maman Lucienne kwa douche, kumuogesha. Sikuona."

"Sikukuuliza kama uliona. Nimekuuliza nani alibakia."

Aliliweka taulo chini akalisawazisha kwa viganja viwili, ingawa lilikuwa limeshanyooka.

"Tonton, uniulize juu yangu, nitakujibu yote. Juu ya bengine, hapana."

"Batakufukuza kazi."

"Bafukuze."

Anaclet alikuwa amehoji watu wengi, waongo na wakweli, na alijua tofauti kati ya anayejificha na anayemficha mwingine. Huyu alikuwa anamficha mtu. Jémima aliishi Ganshoren kwa Thérèse, mama yake mkubwa, aliyemlea tangu Bukavu na kumleta Ubelgiji; Anaclet alimfahamu, kama watu wengi wa Bukavu waliokuwa mjini. Wazo hilo lilipita kichwani mwa Anaclet na akaliacha lipite. Mama gani angekaa kimya wakati mtoto aliyemlea anaadhibiwa kwa kosa lake? Tena Wauters alikuwa na kitu chini ya koti.

Alikosea, na kosa lile lilimla Jumatano yote, kwa sababu duka la Wauters lilikuwa limefungwa. Alirudi Alhamisi asubuhi.

Duka lilikuwa hatua chache kutoka uwanja wa soko la vitu vikuukuu, limejaa helmeti, vifungo na viberiti vya wanajeshi. Wauters alikuwa na tumbo kubwa na miwani mbili, moja machoni, nyingine juu ya upara.

"Mpelelezi!" Wauters alisema, Anaclet alipojitambulisha. "Mke wangu amekutuma? Mwambie nipo hapa tu, nazeeka."

"Jumanne alasiri ulikuwa Laeken. Ulikuwa na kitu chini ya koti."

"Nilikuwa nacho. Boksi la chokoleti. Yule bibi aliniita fisi wa makaburi, na alikuwa na haki, maana nilimsumbua. Nikaenda kuomba radhi. Nikamkuta mlango wazi, chumba kimejaa akina mama wanaimba. Sikuthubutu kuingia. Nikaliacha boksi mapokezi apelekewe. Alizipenda?"

Anaclet alikumbuka boksi lililobaki nusu juu ya meza ya mkurugenzi, na ladha yake.

"Hazijamfikia," alisema.

Akamwonyesha kwenye simu picha ya kioo. Wauters alishusha miwani ya upara juu ya miwani ya macho, akavuta picha ikawa kubwa, na uso wake ukabadilika. Mzaha wote ulitoka.

"Nani amefanya hivi?"

"Wewe niambie."

"Picha ya zamani ikikaa miaka kwenye kioo bila nafasi katikati, inapata unyevu, inagandana. Hicho ulichokiona ni ngozi ya picha yenyewe. Ameibandua kwa mkono! Bwana, mtu wa kazi yangu angebeba picha na kioo chake na fremu yake, akavikalia miezi sita akitafuta namna ya kuvitenganisha. Hata mwizi mjinga angebeba fremu kwa ajili ya fedha."

"Kwa hiyo si wa kuuza."

"Kuuza nini? Picha iliyochanika haiuziki. Huyu hakutaka kitu cha zamani. Alitaka sura tu."

"Imeharibika kiasi gani?"

"Kipande kiko chini kushoto, ukitazama kutoka ndani. Kwa hiyo kwenye picha, mkono wa kushoto umekwenda. Uso, kama alikuwa na bahati, umepona. Ukiipata, usiiguse kwa vidole. Na usimpe mtu yeyote mwenye gundi."

Anaclet alipanda basi kurudi Ixelles akiwa hana mshukiwa hata mmoja, na siku moja tu mbele yake. Alitaka sura tu. Maneno hayo yalimkera. Picha ya mzungu aliyekufa zamani, nani anaitaka sura yake, dada yake akiwa hai na amekaa pembeni?

Aliteremka kwenye barabara ya chaussée d'Ixelles. Kituoni kulikuwa na akina mama wanne wa Kikongo waliotoka kwenye msiba, wanangoja basi na masufuria yao tupu. Wote walivaa kitenge cha aina moja, cheupe na zambarau, na kwenye kila kifua, kila mgongo, kila paja, alikuwako mzee mmoja mwenye kofia, anatabasamu. Mmoja alipogeuka kumsalimia, mzee yule aligeuka naye.

Anaclet alisimama pale pale, watu wakimpita huku na huku.

Uniforme. Msiba wa Kikongo bila uniforme unakuwaje? Marehemu mwenye watu wake anachapishwa kwenye kitenge, na watu wake wanamvaa siku ya kumbukumbu. Na kabla ya kushona nguo, mtu hupimwa. Maman moya alinipima mabega na mètre. Hawakuwa wanampima jeneza. Walikuwa wanampima gauni.

Huko Matonge, mtaa wa Waafrika wa Ixelles, kila mtu alijua anayechapisha sura za marehemu kwenye vitambaa: Djibril, kijana wa Conakry, duka la ndani kabisa la kichochoro. Anaclet alimkuta anakata kitambaa juu ya meza ndefu.

"Sisemi habari za wateja," Djibril alisema kwa Kifaransa kabla hajaulizwa vizuri. "Huku mtu ana wake wawili, kila mmoja anaagiza uniforme yake. Nikisema, napigwa na pande zote."

"Vizuri. Niambie kitu kingine basi. Kwa mwaka unachapisha wazungu wangapi?"

Djibril alitazama mkasi wake.

"Huyu ndiye wa kwanza," alisema, na akacheka bila kutaka.

Robota lilikuwa chini ya meza. Alilivuta, akafunua urefu wa mikono miwili hivi. Kitambaa cha buluu, na juu yake kijana wa miaka ishirini na kitu, nywele zimelazwa, masikio makubwa kidogo, macho yanamtazama Anaclet moja kwa moja. Juu ya mfuko wa sare kulikuwa na beji ya bawa moja, siyo mawili kama ya rubani. Kila sura ilizungukwa na duara la maua, na chini ya duara, kwa herufi nyeupe: OCTAVE, TUNAKUKUMBUKA.

"Kazi nzuri," Anaclet alisema, na alimaanisha.

"Upande mmoja niliufunika kwa maua. Picha ililetwa imechanika. Yule mama alikuwa analia. Aliniomba gundi, nikamwambia sina, na ninazo chupa tatu hapo juu. Ningempa angemaliza hata uso. Nilipomaliza kunakili, akaichukua picha akaondoka nayo."

"Mama yupi?"

"Umesema huulizi habari za wateja."

"Nilisema nitauliza kitu kingine. Sasa narudi kwenye kile cha kwanza. Kuna msichana atapelekwa polisi kesho kwa ajili ya picha hiyo."

Djibril akakunja kitambaa polepole.

"Hakuniambia hayo," alisema. "Maman Thérèse. Wa Ganshoren."

Fleti ya Thérèse ilikuwa ghorofa ya pili katika barabara tulivu, yenye mapazia yaliyopigwa pasi. Ilikuwa saa kumi za alasiri. Alifungua mlango akiwa na aproni, mwanamke mnene wa miaka sitini, mwenye sauti ya kuongoza watu. Alipomwona Anaclet, sauti ile ilishuka.

"Papa Anaclet. Ingia. Utakula? Niko na sombe."

"Aksanti, maman. Nitakula siku ingine. Leo nimefata Octave."

Thérèse alikaa. Hakujifanya kushangaa. Alinyoosha mkono kwenye rafu akashusha Biblia kubwa, akaifungua katikati. Picha ilikuwa imelala kati ya karatasi mbili nyeupe. Uso mzima. Bawa zima. Mkono wa kushoto, kuanzia chini ya kiwiko, ulikuwa umetoweka, na pale palibaki karatasi tupu yenye nyuzi.

"Nilitaka nipige tu foto na telephone," alisema. "Kioo ikawa inang'aa, sura haionekane. Djibril alisema: lete ya kweli. Nikamwambia Jémima, akakataa. Akasema, maman mukubwa, ile haitoke hapa, hapana. Alors alipomupeleka maman Lucienne kwa douche, nikafungua cadre. Ilikuwa imekamatana na kioo. Nikavuta polepole, Mungu anaona, polepole sana. Nikasikia tsss."

"Ungeirudisha vile ilikuwa."

"Vile, bila mukono? Nilisema nitaitengeneza kwanza. Kisha nitairudisha, hakuna muntu atajua, na Jumamosi bataona uniforme, batafurahi." Alijifuta macho kwa aproni. "Papa Anaclet, ule kijana hana kaburi. Hakuna muntu alimuliliaka. Tutasimama pale, kwaya muzima, kila moya na nguo yake, kama bantu banapita njia? Batasema hana bantu."

"Hayo naelewa, maman. Nilikuwa nitafanya vilevile. Kitu sielewe ni ingine. Jémima alikuuliza?"

Thérèse alikunja pindo la aproni.

"Alikuuliza?"

"Jana. Alisimama pale pale, kwa mlango. Akasema, maman mukubwa, niambie si weye."

"Ukasema nini?"

"Nikasema si mimi."

Jikoni chungu kilikuwa kinatokota. Thérèse hakuinuka kukipunguzia moto.

"Anajua unasema uongo," Anaclet alisema. "Ananyamaza juu yako. Kesho midi banamuita polisi, na dossier yake ya uraia inakufa pale pale. Sikiliza, maman. Naweza kuchukua hii picha sasa, niipeleke mimi. Bataniuliza niliitoa wapi, na nitasema. Ao unaipeleka weye, na unasema weye mwenyewe. Ya tatu haiko."

"Kwaya itasikia."

"Itasikia."

"Bote."

"Bote, maman."

Alikaa akitazama sura ya yule kijana. Halafu akafunga Biblia kwa uangalifu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala, akainuka, akaenda kuzima jiko.

"Kesho saa ine asubui," alisema. "Unifuate. Peke yangu miguu itagoma."

Ijumaa walikuwa watano ndani ya chumba cha Lucienne: mwenyewe kitini, Jémima ukutani, mkurugenzi mlangoni, Thérèse katikati na Biblia yake, Anaclet nyuma yake kama alivyoombwa. Thérèse alisema yote kwa Kiswahili, kisha akayarudia kwa Kifaransa kwa ajili ya mkurugenzi, na hakujipunguzia hata neno. Wala hakumtazama Jémima.

Lucienne alipokea picha kwenye mapaja. Aliigeuzia mwanga wa dirisha.

"Umemukata mukono," alisema.

"Ndiyo, maman."

"Vita haikumukata mukono. Bahari, sijue. Weye njo umemukata."

"Ndiyo, maman. Unisamehe."

"Ule mukono alikuwa ameshika kofia. Nani atajua sasa kama alikuwa na kofia?" Aligonga mkono wa kiti. "Na uso? Anaclet, kuya, macho yangu mabaya. Uso iko muzima?"

"Muzima, maman. Na bawa pia."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akaona mfuko wa plastiki miguuni pa Thérèse, na kipande cha buluu kinachungulia. "Hiyo njo nini?"

Thérèse alikuwa amekuja na gauni, limeshonwa usiku, dogo la mabega membamba. Hakutaka kulitoa, ilibidi Anaclet alitoe. Alilitandaza juu ya blanketi, na Octave akawa hapo mara saba, na maua yake.

Mkurugenzi alitazama ukuta. Lucienne alipitisha kidole juu ya sura moja, akahamia nyingine, akaishika karibu na macho.

"Masikio yake," alisema. "Mama alikuwa anamucheka juu ya masikio. Nilikuwa nimesahau." Aliinua kichwa. "Mko bangapi ndani ya kwaya?"

"Dix-huit, maman. Kumi na munane."

"Dix-huit. Na bote batavaa hii?"

"Kama utakataa, tutaacha."

"Nikatae nini?" Lucienne alisema. "Jémima, nisaidie nivae nione kama yule alinipima vizuri."

Lakini Jémima alikuwa ameanza kutoka. Mkurugenzi alimfuata, akampeleka ofisini, akafunga mlango, akamwomba radhi. Jémima aliufungua mlango wazi, hadi ukutani, akamwambia aseme tena. Korido nzima ilisikia.

Jumamosi mvua ilikuwa ndogo. Katika ile bustani ya Ganshoren walikuwako watu wa commune na mikanda yao ya rangi tatu, wazee wawili waliobeba bendera, na jiwe lililofunikwa. Kwaya ilishuka kwenye basi mmoja mmoja, na Octave akashuka nao, vifuani, migongoni, vichwani kwa waliofunga vilemba. Ofisa mmoja alisahau kufunga mdomo. Mzee wa bendera, mwenye nishani tano, alitazama kitambaa, akaona bawa moja, akajua ni la nani. Akapiga saluti, na hakuushusha mkono hadi mama wa kumi na nane alipopita.

Waliimba Kiswahili. Lucienne aliimba nao, akikosea hapa na pale, ndani ya gauni la buluu, na Jémima ndiye aliyesukuma kiti chake. Wauters alisimama mbali, chini ya mwavuli, na boksi jipya la chokoleti ambalo safari hii alimkabidhi Lucienne mkononi.

Yote hayo yalikuwa na bei yake. Octave alipoteza mkono wa kushoto na kofia aliyokuwa ameishika. Anaclet alipoteza siku nzima kumfukuzia mtu aliyekwenda kuomba radhi, ikambidi arudi Marolles naye kuomba yake. Thérèse aliacha uongozi wa kwaya kabla ya kuambiwa, akaimba mstari wa nyuma. Jémima alihamia chumba kimoja huko Jette. Bado anamwita maman mukubwa, bado anampigia simu Jumapili, lakini hajala tena mezani pake. Na Lucienne, alipoulizwa na ofisa wa commune lini alimwona kaka yake mara ya mwisho, hakusema kama alivyozoea kusema tangu utotoni, kwamba Octave hajarudi. Alisema Octave amekufa.